Sauti tatu, albamu moja: majibu kwa wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Lubumbashi, komuni za Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi na Kampemba, na nyingine Likasi. Nyingi ni za wasichana wanaofoka, yaani wanaoimba rap, kwa makundi, ambao nyimbo mojamoja wanazo tayari na sasa wanataka albamu. Zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja. Barua zilizoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi tumeziacha kama zilivyo.

Tuko batatu, na tuko na nyimbo kumi na mbili. Tulizirekodi mu studio tatu mbalimbali. Tukizisikiliza moja nyuma ya ingine, haiko kama albamu. Sauti ya mwenzetu moja iko kubwa sana, ya mwingine iko mbali sawa anaimba mu nyumba ingine. Fundi anasema atatengeneza yote mu miksi. Njo kweli?
*Kundi la Katuba*

Si kweli, dada zetu, au ni kweli kidogo tu. Hiyo "kubwa" na hiyo "mbali" ni umbali wa mdomo na mikro, na umbali ukishaingia ndani ya rekodi hautoki. Mikro nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na mikro za aina hiyo zina tabia moja: ukizisogelea, sauti nzito huongezeka. Anayefoka sentimita 5 kutoka kwenye mikro anasikika na kifua kizito kuliko alicho nacho. Anayesimama sentimita 40 huingiza chumba chote pamoja na sauti yake, yaani kuta, dari na mabati. Fundi anaweza kumpunguzia wa kwanza uzito. Wa pili hawezi kumvua chumba alichokwisha kuvaa.

Msirudie nyimbo zote 12. Chagueni kwanza zile ambazo biti yake mnayo kama faili, si ile iliyokwisha kuchanganywa na sauti. Hizo ndizo zinazofaa kurekodiwa upya, sauti tu, zote mahali pamoja, kwa mikro moja. Zinazobaki zitoke kama nyimbo mojamoja. Albamu ya nyimbo 8 zinazokaa pamoja inasikilizwa hadi mwisho kuliko ya 12 zinazogombana.

Siku ya kurekodi, kunja ngumi, nyoosha kidole gumba, uiweke mbele ya mikro: kutoka upande wa kidole kidogo hadi ncha ya gumba ni karibu sentimita 15. Mdomo ukae hapo. Bandikeni utepe sakafuni mahali pa vidole vya miguu, mmoja kwa kila msichana, kwa sababu urefu wenu si sawa. Andikeni kwenye daftari urefu wa stendi kwa kila mmoja na namba ambayo kitufe cha geini (kinachokuza sauti ya mikro) kinaielekea, kisha pigeni picha. Geini iwekwe kwa mstari wenu mkali kuliko yote, si kwa "alo, alo": sehemu za kupaza zifike kati ya -10 na -6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), zisiguse 0. Rekodini kwa biti 24 (hii ni "bit" ya kompyuta, si biti ya muziki). Hapo hata mkirekodi chini kidogo, ukikuza baadaye hakuna mchakacho unaotokea.

Halafu kuna kipimo ambacho makundi mengi huruka. Kila mnapoanza kazi, kabla ya wimbo wowote, kila mmoja arekodi mistari minne ileile, isiyobadilika kwa albamu nzima. Ilinganisheni na ile ya siku ya kwanza. Ikiwa leo sauti inasikika nyembamba au ya mbali, mnajua mapema, kabla hamjamaliza wimbo mzima. Hapo ndipo mtagundua kwamba mtu aligeuza mikro, au kwamba mwenzenu ana mafua. Na vesi moja isigawanywe siku mbili: koo la asubuhi na koo la usiku ni watu wawili.

Kwenye miksi, yaani kuchanganya sauti na biti, malizeni wimbo mmoja kabisa, kisha matengenezo ya sauti ya kila msichana yahifadhiwe kwa jina lake na yaanzie wimbo unaofuata. Kwa sauti nyingi za kike, kukata chini ya 90 au 100 Hz (mitikisiko kwa sekunde) hakuondoi chochote cha maana. Kunaondoa mtikisiko wa stendi na ngurumo za malori. Mlio wa "s" na "sh" kwa wanawake mara nyingi huuma kati ya 6 na 9 kHz, juu kuliko kwa wanaume, kwa hiyo fundi aliyezoea wanaume akiacha kipunguza-s chake kwenye 5 kHz atafanya maneno yawe na kithembe na mlio ubaki palepale. Mwambieni ausogeze.

Tumekusanya kartoni za mayai zaidi ya mia mbili kwa ajili ya ukuta. Zinatosha?
*Msomaji wa Kamalondo*

Rudisheni sokoni. Kartoni ya mayai ni karatasi nyembamba. Hugusa kidogo sauti za juu sana na kuacha zote za katikati, ambako ndiko sauti ya mtu inakaa. Haizuii hata kelele ya barabarani, na inashika moto upesi, jambo baya kwenye chumba chenye nyaya nyingi.

Kinachofaa ni uzito na unene. Godoro la sponji la sentimita 10 lililoegemea ukuta huanza kufanya kazi vizuri kuanzia karibu 850 Hz. Lisogeze liwe sentimita 10 mbali na ukuta, litashuka hadi karibu 430 Hz bila kununua kitu. Sababu ni kwamba sauti hunyonywa vizuri pale unene na nafasi ya nyuma vinapofika robo ya urefu wa wimbi lake. Vikwembe vilivyotundikwa peke yake hunyonya zile za juu tu, na chumba kinabaki na sauti ya ndani ya pipa.

Watu wengi huweka godoro nyuma ya mikro. Weka la kwanza nyuma ya *mwimbaji*. Mikro inatazama upande wa nyuma ya mgongo wake, na ukuta ulio huko ndio unaoirudishia mwangwi. La pili na la tatu yakae pembeni kama herufi V. Juu, kama dari hakuna na mabati yanaonekana, funga blanketi mbili zilizokunjwa, zining'inie juu ya kichwa. Kisha piga kofi moja: ukisikia mlio kama wa springi ya kitanda, bado kuna kuta mbili tupu zinazotazamana.

Mvua juu ya mabati haina dawa. Kwa Lubumbashi, sauti zirekodiwe kati ya Mei na Septemba. Mvua ikishuka kuanzia Novemba, fanyeni miksi.

Tununue mikro ya kondensa kama za studio kubwa, au hii ya jukwaani inatosha?
*Ruashi, na wengine watatu*

Kwenye chumba cha kawaida cha Ruashi, ya jukwaani. Kondensa husikia kila kitu: jenereta ya jirani, jogoo, maombi ya usiku. Mikro ya dainamiki kama SM58 husikia kidogo, na hilo ndilo unalolitaka. Ila ina sharti lake: kwa sababu ishara yake ni ndogo, kadi ya sauti (kifaa kinachounganisha mikro na kompyuta) lazima iikuze kwa nguvu, desibeli 50 hadi 60 kwa mtu anayefoka kwa sauti ya chini. Kadi ya bei rahisi ikifunguliwa hadi mwisho hutoa "shhhh". Jaribu kadi na mikro yako pamoja dukani, geini ikiwa robo tatu, kabla ya kulipa. Nyuma ya mikro elekeza dirishani, kwa kuwa huko ndiko inakosikia kidogo kabisa. Kizuia-pumzi unaweza kukitengeneza kwa waya wa mviringo na soksi nyepesi ya kike iliyokazwa, kikae sentimita 5 hadi 8 mbele ya mikro. Bila hicho kila "p" na "b" ya Kiswahili itapiga ngoma.

Yaya, siye kila mutu anataka mistari 16. Wimbo unakuwa murefu, na producteur anakata vesi ya wa tatu kila mara. Wa tatu analia.
*Kundi la Kenya*

Hesabu ndiyo inayomkata. Wimbo ukienda mapigo 90 kwa dakika, kipimo kimoja cha mapigo manne huchukua sekunde 2.67, na vesi ya vipimo 16 huchukua karibu sekunde 43. Tatu ni dakika 2 na sekunde 8. Kiitikio cha vipimo 8 kikirudi mara nne, ongeza sekunde 85. Mmefika dakika 3 na sekunde 33, na mwanzo wa wimbo hatujauhesabu. Msikilizaji wa simu ameshaondoka, na anayesikika mwisho ndiye anayepoteza.

Kila mmoja akiandika 12 badala ya 16, wimbo wote ni dakika 3 na sekunde 1. Lakini msifanye hivyo kwa nyimbo zote. Kundi lina silaha ambayo mfokaji mmoja hana, yaani kupokezana. Andikeni nyimbo mbili au tatu ambazo vesi ni ya vipimo 16 lakini mnabadilishana kila vinne, na wa tatu anafunga mistari ya wenzake kwa neno la mwisho. Andikeni moja ambayo mmoja anafoka peke yake na wengine wawili ni kiitikio. Na aliyezoea kuwa wa tatu afungue angalau nyimbo tatu za albamu. Hilo limo ndani ya muziki wenyewe: sikio likizoea mpangilio uleule, wimbo wa tano unasikika kama wa kwanza.

Kama sauti zenu zinafanana, msitenganishwe kwa kuwekwa mmoja kushoto na mwingine kulia. Kwenye spika moja ya simu upande hauna maana. Tenganeni kwa kimo na mwendo: mmoja afoke chini karibu na kuzungumza, mmoja juu, mmoja acheleweshe maneno nyuma kidogo ya pigo. Vesi ibaki katikati. Sauti ya kurudufu irekodiwe kweli mara ya pili, isinakiliwe, ikae chini kwa desibeli 6 hadi 9, tena kwenye maneno ya mwisho wa mstari tu. Katika ile ya pili msitamke "s", "t" na "k" kwa nguvu. Zikikosa kulingana hata kidogo, mstari unasikika kama punje zinazomwagika. Kiitikio ndicho cha kutanua: kila mmoja akirekodi mara mbili mna traki sita, tatu kushoto na tatu kulia, na ya saba katikati kutoka kwa yule mwenye sauti inayosimama.

Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya vesi tunapoteza kazi. Na ukiwepo, kuna "mmmm" ndani ya rekodi.
*Msomaji wa Likasi*

Tiba ya yote mawili ni moja: rekodini kwa betri. Kompyuta ndogo iliyojaa chaji na kadi ya sauti inayokula umeme wa USB hazihitaji ukuta. Chomoa chaja usikie. "Mmmm" ikinyamaza, ilikuwa inapita kwenye chaja, na mara nyingi ni kwa sababu soketi haina waya wa ardhini. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na ngurumo hiyo ni yake. Kamwe usikate pini ya ardhini ili kuinyamazisha. Waya wa mikro usilale sambamba na wa umeme. Ukilazimika kuvuka, uvuke kama msalaba.

Programu iwekwe ihifadhi yenyewe kila dakika 2. Wakati wa kurekodi bafa (sauti kidogo ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa) iwe 128, ambayo kwa 48 kHz ni chini ya milisekunde 3. Ikiwa 1024 mfokaji hujisikia amechelewa na huanza kukimbiza biti. Na nakala: traki moja ya biti 24 kwa 48 kHz hula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu na nusu wenye traki 40 ni GB 1.2, albamu ya nyimbo 10 ni GB 12. Hiyo inaingia kwenye fulashi ndogo. Ziwe mbili, nyumba mbili tofauti, na mojawapo ikae kwa kundi, si studio. Albamu nyingi hupotelea kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Baba anasema rap ya wanawake ni jambo la juzi. Kundi la kwanza kutoa albamu ni lipi? Na ni kweli Salt-N-Pepa walianza na "Push It"?
*Msichana wa shule, Kampemba*

Mwambie mzee, kwa heshima, kwamba mwaka 1979, ule ule ambao rap ilianza kuingia kwenye santuri, wasichana watatu wa Columbia, South Carolina, Marekani, walikuwa tayari na santuri yao. Ni The Sequence, kwenye lebo ya Sugar Hill, kwa wimbo "Funk You Up". Albamu yao ilifuata mwaka 1980. Mmoja wao alikuja kujulikana baadaye kama Angie Stone.

Salt-N-Pepa, kundi la rap la wanawake wa Marekani, walitoa albamu yao ya kwanza, "Hot, Cool & Vicious", Desemba 1986, ikitayarishwa na Hurby Azor. "Push It" haikuwemo. Ilitoka 1987 upande wa pili wa santuri ya "Tramp", wimbo ambao ndio uliotarajiwa kuvuma. Cameron Paul, DJ wa San Francisco, akaitengeneza upya, ikashika, na albamu ikachapishwa tena ikiwa nayo. Kwa kundi linalotayarisha albamu leo, hapo pana somo la kazi: msiimalize bajeti yote kabla ya kutoka. Bakizeni ya wimbo mmoja au wa kutengeneza upya mmoja miezi mitatu baadaye, mkiona watu wameshika upi, kwa sababu mara nyingi si ule mliouchagua.

Biti ni ya kijana wa mtaa, kiitikio aliandika mmoja wetu, na tumekata gitaa ya Mwenda Jean Bosco sekunde sita. Nani ni mwenye wimbo?
*Kundi la Kenya (tena)*

Hapo kuna mali mbili: utunzi (maneno na muziki) na rekodi yenyewe. Zigaweni mbalimbali, wimbo kwa wimbo, kwenye karatasi moja yenye tarehe na sahihi, siku wimbo unapokwisha na kabla haujavuma. Mfano wa kawaida kwa utunzi: nusu kwa aliyetengeneza biti, nusu kwa maneno. Kama vesi tatu zinalingana na kiitikio ni cha mmoja, nusu ya maneno inaweza kuwa asilimia 20 kwake, na 15 kwa kila mmoja wa wawili. Jumla lazima iwe 100 kamili, kwa sababu zikizidi, malipo husimama hadi mkubaliane. Kwa rekodi, mwenyewe ni aliyegharimia, isipokuwa karatasi iseme vinginevyo. Kwa hiyo studio inayowapa saa "bure" iulizwe kwanza inataka nini. Mwezi Mei 2025 Salt-N-Pepa walifungua kesi Marekani dhidi ya Universal Music Group kudai rekodi zao, na ubishi wenyewe unarudi kwenye mikataba ya 1986.

Kijana wa mtaa awape biti kwa maandishi, aseme kama ataiuza pia kwa wengine. Biti iliyopakuliwa mtandaoni ikiwa na sauti ya mtayarishaji inayojitangaza ndani yake bado haijanunuliwa.

Kuhusu gitaa: hakuna ruhusa ya sekunde sita, wala ya mbili. Mwenda, yule mpiga gitaa wa Katanga, alifariki mwaka 1990, na sheria yetu ya Kongo, ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi nayo ina mwenyewe. "Masanga" yake, kwa mfano, ilirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Mkimweka mpiga gitaa wa hapa aicheze upya mnakwepa ruhusa ya rekodi, lakini ya utunzi bado. Akitunga mpigo wake mwenyewe kwa vidole viwili, kwa mtindo ule wa Katanga, hamdaiwi, maana mtindo hauna mwenyewe. Kwa ruhusa na kwa kuandikisha nyimbo zenu, mlango ni SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo.

Tutoe wapi: mtandaoni au kwenye fulashi? Na ni lazima iwe na nyimbo ngapi?
*Barua kadhaa*

Kote kuwili, na maandalizi si yale yale. Mtandaoni, nyimbo 7 na kuendelea, au zaidi ya dakika 30, huhesabiwa albamu. 4 hadi 6 chini ya muda huo ni EP, yaani albamu fupi. Jalada liwe la mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Wimbo uliokwisha kutoka peke yake ukiingia kwenye albamu bila kubadilishwa uingie na namba yake ileile ya ISRC (utambulisho wa kila rekodi), yenye herufi na tarakimu 12, ili hesabu ya wasikilizaji isianze upya. Mliorekodi sauti upya, kama dada zetu wa Katuba, mchukue namba mpya. Faili zifike kwa msambazaji wiki tatu au nne kabla.

Kwa masta, yaani matengenezo ya mwisho ya albamu, mpeni fundi miksi za WAV biti 24 ambazo kilele chake kiko karibu -6 dB, bila kibana-sauti cha mwisho. Spotify hushusha kila kitu hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo kubana hadi -7 mtandaoni ni kujiumiza bure. Kwenye fulashi na WhatsApp hakuna anayeshusha; -10 au -9 inatosha kusimama karibu na nyimbo nyingine za teksi. Mkilinganisha wimbo na wimbo, linganisheni ukubwa wa *sauti zenu*, si wa biti. Wimbo wa taratibu ukilazimishwa upige sawa na wa kucheza, mfokaji wake atakuwa anapiga kelele sikioni.

Fulashi: MP3 za 320 kbps, ambapo albamu ya dakika 40 ni karibu MB 96. Iumbizwe FAT32, maana redio nyingi za gari hazisomi nyingine. Majina ya faili yaanze 01, 02, 03. Hata hivyo redio nyingi za bei rahisi hazitazami jina. Hucheza kwa mpangilio ambao faili ziliingia kwenye fulashi. Basi msiburute folda nzima: futeni kilichomo, mnakili wimbo wa kwanza, msubiri umalizike, kisha wa pili, hadi mwisho. Ijaribuni ndani ya teksi mbili tofauti kabla ya kunakili 50.